Kamera Ndogo na Video Safi

Wenzangu wa chama cha picha wameniuliza mara nyingi kama ni kweli kwamba kamera ya bei nafuu yaweza kutoa video nzuri zaidi kwa kubadilishwa programu yake ya ndani tu. Ni kweli, lakini jambo hili lina mipaka yake, nami nataka kulieleza kabla hatujaigusa kamera ya shule.

Kwanza yafaa tujue jinsi video inavyohifadhiwa. Picha moja ya kamera hizi ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni mbili, na kila sekunde hupita picha 24. Kama kila nukta ingeandikwa kwa biti 12, kamera ingepaswa kuandika biti karibu milioni 600 kwa sekunde. Kadi ya kawaida haiwezi kupokea mzigo huo. Kwa hiyo kamera huibana video: huhifadhi picha moja nzima, kisha kwa zile zinazofuata huandika hasa yale yaliyobadilika. Mtu akisimama mbele ya ukuta, kazi ni nyepesi, kwa kuwa ukuta haubadiliki. Lakini majani yakitikiswa na upepo, au maji yakienda mbio, karibu kila nukta hubadilika. Hapo biti hazitoshi, na kamera hutupa mambo madogo madogo, hata majani yakaonekana kama uji.

Mfano unaojulikana sana ni Panasonic GH1, iliyotoka mwaka 2009. Katika video za ukubwa huo ilipewa biti milioni 17 kwa sekunde, yaani kama sehemu moja ya 35 ya mzigo niliotaja. Lenzi yake ilikuwa nzuri, lakini penye mwendo mwingi picha zilichafuka, na watumiaji wakauita uchafu huo "tope". Mwaka 2010 Vitaliy Kiselev alitoa programu ya kompyuta iitwayo PTool. Kwa chombo hicho mtu aliweza kuibadili programu ya kamera, akaongeza kiwango cha biti, kisha akairudisha ndani. Wengi walifika milioni 40 na zaidi, na tope likapungua sana. Kamera iliyofuata, GH2, nayo ilifanyiwa hivyo. Upande wa Canon, Trammell Hudson alianzisha Magic Lantern mwaka 2009, na kufikia mwaka 2013 iliwezesha baadhi ya kamera kuhifadhi video ghafi, isiyobanwa.

Basi, gharama yake ni nini? Kadi ya gigabaiti 32 huchukua zaidi ya saa nne kwa biti milioni 17. Kwa milioni 50 hujaa kwa saa moja na dakika 25 hivi. Kadi isiyo na kasi ikishindwa kupokea, kamera husimama katikati ya kazi. Tena programu ikiharibika wakati wa kuingizwa, kamera yaweza kufa kabisa, na huenda mtengenezaji akakataa kuitengeneza bure.

Wala tusidhani kwamba biti nyingi hutibu kila ugonjwa. Hazisaidii mkono unaotetemeka, wala mwanga hafifu, wala lenzi isiyolengwa sawasawa. Na video ya zamani haipati tena kile kilichokwisha kutupwa.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kamera ya shule tuiache kama ilivyo, maana ni moja tu. Tukipata kuukuu, tujaribu kwa hiyo: tuhifadhi kwanza nakala ya programu ya asili, betri iwe imejaa, tubadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, kisha tupige video ya mti wenye upepo na kulinganisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.