Hati ya Chama Langu Iko kwa Nani?

Jumapili jioni Kisanga, kibanda umiza kimejaa mpaka mlangoni. Kiingilio jero. Nje boda zimepangwa mstari, nyingine bado zina tope la barabara ya Ulaya (Ulaya ya kwetu hii, kata ya jirani), ndani joto kinoma na harufu ya mihogo ya kukaanga. Kwenye kioo Everton wako kazini, na mwenye chama hilo mle ndani ni mmoja tu, mshkaji wangu anayepiga boda kwenda Mikumi. Alilipenda Julai 2017, siku Everton walipokuja Dar kukipiga na Gor Mahia pale Taifa, Rooney akatupia bao la mbali, wakashinda 2-1. Tangu siku ile habanduki, hata msimu waliokatwa pointi mara mbili kwa kutumia mpunga kupita kiwango, bado jezi yake ya bluu ilikuwa mgongoni.

Mapumziko akarusha stori. "Oya wanangu, mnajua tajiri wetu mpya ana mishe zake hapahapa Bongo?"

Banda likamgeukia. Na mwana yuko sahihi. Dan Friedkin, Mmarekani wa Texas, aliichukua Everton Desemba 2024, na Roma ya Italia alikuwa nayo tangu 2020. Kampuni za familia yake zimefanya biashara ya utalii na uwindaji nchini kwetu kwa miaka mingi, kule upande wa Maswa na Mwiba, jirani na Serengeti. Kwa hiyo mchizi anayelipa mishahara ya Everton na mchizi anayepeleka watalii porini kwetu ni bosi mmoja.

"Basi huyo ni mwekezaji kama mwekezaji," akasema mzee mmoja aliyekaa nyuma, taratibu tu, na banda likatulia.

Kwa sisi watu wa wilaya ya Kilosa hilo neno ni zito. Sisi tumezaliwa tukayakuta mashamba ya mkonge yana wenyewe wanaoishi mbali. Mengine yalilimwa, yakaajiri watu, yakajenga miji. Mengine yaligeuka pori, hati iko kabatini mjini, na mtu wa hapa akikatiza na jembe anaambiwa ni mvamizi. Serikali ilikuja kufuta hati za mashamba kadhaa yaliyotelekezwa wilayani kwetu, na wakati huo wakulima na wafugaji walikuwa wameshaumizana vya kutosha kugombea ardhi. Upande wa pili, ukishuka Kidatu, kuna kiwanda cha sukari ambacho Illovo ya Afrika Kusini iliingia mwaka 1998, na mpaka leo moshi unatoka na miwa ya vijana wa Ruhembe inapata pa kwenda. Kwa hiyo sisi hatuna haja ya kufundishwa kwamba tajiri wa nje ni malaika au ni shetani. Tumeona wote. Tunachouliza ni hiki: hati iko kwa nani, na siku akizingua tunamfuata wapi?

Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye mpira naona masela hawaulizi tena hilo swali.

Ukiwasikiliza wengi kijiweni, jibu ni moja: alete mpunga, tubebe makombe, mengine baadaye. Na siwalaumu, maana mifano ipo. Manchester City walikuwa hawajabeba ligi tangu 1968. Septemba 2008 watu wa Abu Dhabi wakatua, siku hiyohiyo wakamsainisha Robinho kwa pauni milioni 32.5, na kufikia 2024 walikuwa wameongeza mataji manane ya ligi na Ligi ya Mabingwa ya 2023. Jamaa mmoja wa City pale bandani huwa anasema, "Mimi nilipoanza kuangalia mpira chama langu lilikuwa limeshatusua, nianze kuuliza hela imetoka wapi?" Ukimkumbusha mashtaka 115 ambayo Ligi Kuu ya England iliwafungulia Februari 2023, anakujibu klabu imeyakana, na anaendelea na mihogo yake.

Newcastle ni hivyohivyo. Oktoba 2021 mfuko wa serikali ya Saudi Arabia ulichukua asilimia 80, na mashabiki walijaa nje ya uwanja wao wakiimba. Dunia ikapiga kelele kuhusu haki za binadamu na mauaji ya mwandishi Jamal Khashoggi ya 2018. Machi 2025 wakawapiga Liverpool 2-1 fainali ya Kombe la Ligi, kombe lao la kwanza kubwa la nyumbani tangu 1955. Babu aliyesubiri miaka 70 utamwambia nini siku hiyo?

Lakini kuna dogo wa hapa, amerudi juzijuzi kutoka kufanya kazi Umangani, alisema kitu ambacho bado kinanizunguka kichwani. "Mzungu akija Kilosa na hela anaitwa mwekezaji. Mwarabu akienda Uingereza na hela, hao wanaandika kavamia. Mbona Abramovich walimchekea miaka yote ile?" Nilimpa heshima yake, maana ana pointi. Mrusi aliingia Chelsea 2003, akamwaga kibunda, na England ikafurahia mpaka vita ya Ukraine ilipoanza 2022. Ila mimi naona dogo kaishia nusu ya njia. Kama waliacha kumuuliza Mrusi, dawa ni kuuliza wote, Mmarekani, Mwarabu na jirani yetu. Hata Rwanda, ndugu zetu hawa, waliweka jina la nchi yao kwenye mkono wa jezi ya Arsenal mwaka 2018, na Wakongomani wa Goma wana haki ya kuuliza hiyo hela inasema nini wakati kwao risasi zinalia.

Mimi ni wa Man United, na pale ndipo ninapoumia kichizi. Ngoja niliweke kwa lugha ya kijiweni. Dogo anachukua boda ya mkataba. Kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, mvua iwepo isiwepo, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Jasho lake, chombo chake. Sasa piga picha umeshamaliza mkataba, boda haidaiwi hata mia. Anakuja mtu, anakopa benki, anainunua boda yako, halafu deni anaiandikia boda yenyewe. Wewe unaendelea kupiga tripu za Mikumi, na kila abiria unayembeba anamlipia yeye mkopo wake. Tairi likiisha unaambiwa vumilia, hesabu kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa Old Trafford mwaka 2005. Familia ya Glazer ya Marekani iliichukua klabu kwa takribani pauni milioni 790, sehemu kubwa ya kukopa, na klabu ambayo haikuwa ikidaiwa ikaamka na deni la zaidi ya pauni milioni 500 mgongoni. Mashabiki wengine walimaindi mpaka mwaka uleule wakaanzisha timu yao, FC United of Manchester. 2010 waliobaki wakaanza kuvaa skafu za kijani na njano, rangi za Newton Heath, jina la klabu ilipozaliwa. Glazer hakutikisika. Sheikh Jassim wa Qatar alipokuja 2023 anataka kununua yote, geto letu lilipagawa, kila asubuhi tunaunga bando kuangalia kama dili limetiki. Oktoba akajitoa. Februari 2024 Mwingereza Jim Ratcliffe akachukua robo na ushee, na Glazer bado wapo. Mimi shabiki wa Kisanga, na yule aliyezaliwa mita mia mbili kutoka uwanjani, siku zote hizo tulikuwa sawa: hakuna aliyetuuliza.

Halafu geuka uangalie Bongo. Hapa ndipo naomba masela wanisikilize.

Simba na Yanga zina matajiri, na mataji yanafuata mkwanja ulipo, asikudanganye mtu. Enzi za Yusuf Manji Yanga walibeba ligi mara tatu mfululizo, 2015 mpaka 2017. Manji akaondoka 2017, kikafuata kipindi kigumu. Mohammed Dewji akaingia Msimbazi, Simba wakabeba minne mfululizo, 2018 mpaka 2021. GSM wakakaza Jangwani, Yanga nao wakabeba minne, 2022 mpaka 2025. Utaniita Utopolo au Kolo, namba ndizo hizo.

Mimi ni Mwananchi, na mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni ule wa bakuli. 2018 kwenda 2019, kocha Mwinyi Zahera, hela hamna, klabu inatembeza bakuli kwa wanachama na mashabiki. Makolo walitucheka mpaka basi. Nilikuwa nimeuza debe mbili za ufuta, nikatuma buku mbili kwa simu, na bi mkubwa akaniuliza kama nina akili timamu. Msimu ule hatukubeba kitu, tukamaliza wa pili. Lakini kila mchezaji alipokuwa anakimbia nilijua pale kwenye miguu yake kuna punje zangu za ufuta. Hiyo hisia sijaipata tena, hata usiku wa 2023 tulipokuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger.

Ukweli ni kwamba bakuli halijengi timu ya kufika fainali. Hilo nalikubali. Mpunga unahitajika, na waliouleta nawaelewa sana. Swali linabaki la karatasi. Desemba 2017 Dewji alishinda zabuni ya Simba kwa shilingi bilioni 20, na serikali ikashikilia kanuni kwamba klabu za wanachama, wanachama wabaki na asilimia 51, mwekezaji asizidi 49. Yanga nao wakapitisha mfumo huohuo 2021. Wengi kijiweni wanaona hiyo 51 ni longolongo. Wanasema mpe tajiri yote, aamue haraka, mambo yaende. Mimi nasema ukimpa yote umekuwa kama mimi na Glazer.

Wajerumani, wenye ligi tajiri kuliko yetu mara ngapi sijui, wanaishikilia kanuni yao ya 50+1, wanachama wawe na kura nyingi. Msimu wa 2023/24 ligi yao ilitaka kuuza kipande cha mapato kwa wawekezaji wa nje. Mashabiki wakarusha mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki, mechi zikawa zinasimama, dili likafa. Wale wana kadi na kadi ina nguvu.

Halafu kumbuka Oktoba 2018. Dewji alitekwa Dar alfajiri, na kwa siku tisa nchi nzima ilikuwa inamuombea mpaka alipopatikana. Mashabiki wa Simba hapa Kisanga walikaa kwenye redio kama wamefiwa. Kwanza ni utu, ni binadamu mwenzetu. Lakini usiku mmoja mtu alisema kwa sauti ya chini, "Hivi timu nayo itakuwaje?" Chelsea waliuliza hivyohivyo Machi 2022, Abramovich alipowekewa vikwazo na klabu ikazuiwa hata kuuza tiketi mpya, mpaka ilipouzwa Mei kwa pauni bilioni 2.5. Chama la mtu mmoja linalala na kuamka naye.

Wazee wa Morogoro wanalijua hili kuliko sisi. Waulize kuhusu Reli, Kiboko ya Vigogo. Waulize Tumbaku. Zilikuwa timu za mashirika, zikipiga Simba na Yanga bila huruma. Shirika likiyumba, timu inayumba. Shirika likiuzwa au likifa, timu haina pa kulala. Nchi nzima timu za namna hiyo zimezikwa kwa mkumbo. Mtibwa wa Turiani, mabingwa wa 1999 na 2000, wamekomaa kwa sababu kiwanda kimekomaa. Simba ilikuwa Sunderland mpaka 1971, Yanga ipo tangu 1935, zimepita vita, njaa, migogoro ya kila rangi, na bado zipo kwa sababu mwenye nazo hawezi kufilisika siku moja. Mwenye nazo ni watu.

Mechi ya Everton iliisha, watu wakasepa, tukabaki kama kumi hivi chini ya mwembe. Kati yetu wenye kadi za uanachama zilizolipiwa tulikuwa watatu. Watatu! Na ndio haohao kila siku tunabishana nani anaiua timu. Mshkaji wa Everton, ambaye Bongo ni Simba, akauliza kama Everton nako mtu wa hapa anaweza kupata kadi ya kupiga kura. Nikamwambia hapana. Akakaa kimya, akatoa msimbazi wa hesabu ya siku ile, akauangalia, akauliza ya Simba bei gani.

Sasa tunachanga. Wa Simba upande wao, wa Yanga upande wetu, kila upande unataka kuwa na tawi lake, na nauli ya mtu mmoja kwenda Dar siku ya mkutano mkuu. Swali letu la kwanza tumeshaliandika, nyuma ya mkeka uliochanika, kwa kalamu ya mwenye banda: ile 49 imelipwa kiasi gani mpaka leo, na hesabu zake mwanachama wa Kisanga anazisomea wapi?