Mali ya Angani Isiyo na Daftari

Tarehe 3 Desemba 1976, mjini Bogota, Kolombia, mataifa kadhaa ya Ikweta, Kenya na Uganda zikiwamo, yalitoa tamko zito. Yalidai kuwa ile njia ya setilaiti iliyo juu ya Ikweta ni mali yao, kila taifa na kipande chake. Walimwengu hawakulikubali dai hilo, kwa kuwa Mkataba wa Anga wa 1967 unakataza taifa lolote kuimiliki anga ya juu.

Sitetei dai lile. Ninachouliza, mpenzi msomaji, ni hiki: je, sisi tuliodai mali hiyo tumewahi kuitazama?

Njia yenyewe iko kilomita 35,786 juu yetu. Setilaiti iliyowekwa huko huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, hivyo huonekana kana kwamba imesimama. Ikichakaa, aghalabu husukumwa kilomita 300 hivi juu zaidi, iwapishe nyingine. Huko, pasipo wa kuiongoza, yaweza kuanza kupinduka ovyo. Kila ubao wake wa kunasa nguvu za jua unapotuelekea huturushia mwanga kama kioo, kisha hufifia. Nyota humetameta bila mpango kwa sababu ya mtikisiko wa hewa. Setilaiti hii huwaka na kufifia kwa kipimo, mithili ya mizani ya shairi.

Kitale na Bungoma ziko karibu mno na Ikweta, hivi kwamba ukanda huo hupita karibu na utosi. Januari na Februari, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa na mawingu ni haba, mwanafunzi na azitafute zile nyota tatu za Orioni zilizopangana mstari. Ile ya kaskazini, Mintaka, hupita karibu kabisa na ukanda wenyewe. Aifunge darubini yake juu ya kigoda imara, atulie. Nyota zitahama, kinachobaki pale pale ni setilaiti. Iliyostaafu itasogea polepole, na ikiwa inapinduka, itawaka ghafla na kutoweka. Ahesabu sekunde baina ya mwako na mwako, aandike, arudie mwezi ujao.

Huu si mchezo wa watoto. Imebainika kwamba mwendo wa kupinduka wa GOES 8, setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani iliyostaafishwa 2004, hubadilika kadiri miaka inavyopita, na msukumo hafifu wa mwanga wa jua ndio unaotajwa kuwa sababu. Anayetaka kukikamata chombo kibovu ili akiondoe njiani sharti kwanza ajue kinavyopinduka.

Pana watakaosema kwamba shule zetu hazina maabara. Ni kweli, na ni aibu. Walakini kazi hii yahitaji darubini moja ya kuazimana, saa, kalamu na subira. Mwalimu wa fizikia atapata somo la mwanga. Wa hisabati, somo la wastani. Nasi wa Kiswahili, insha yenye ukweli ndani yake.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka 1976 tuliidai mali. Daftari bado ni tupu.