"Huniuma": Lugha ya Maumivu Sugu ya Wanawake wa Busia na Tororo Wakati wa UVIKO-19

1.0 Utangulizi

Neno bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima, lina asili yake Busia. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walibeba watu na mizigo katika eneo lililo baina ya vituo viwili vya forodha, wakiwapeleka wasafiri kutoka boda hii hadi boda ile. Machi 2020 chombo hicho kiliwekewa sharti la ajabu upande wa Uganda: kiliruhusiwa kubeba mizigo, kikakatazwa kubeba abiria. Gunia la mahindi liliweza kupakiwa. Mwanamke mwenye maumivu ya nyonga hakuweza.

Makala haya yanaeleza kwamba masharti ya janga lile yalitungwa kwa lugha ya dharura, ilhali maumivu sugu husemwa kwa lugha ya mazoea. Pengo hilo limejadiliwa zaidi kama suala la usafiri na dawa. Sehemu yake ya kiisimu haijatazamwa vya kutosha. Uchambuzi hautegemei mahojiano. Unategemea masharti yaliyotangazwa hadharani na umbo la Kiswahili chenyewe, na mazungumzo yatakayotajwa ni mfano uliotungwa na mwandishi.

2.0 Mpaka na masharti

Mwaka 1902 serikali ya Uingereza iliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuunganisha na himaya yake ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Tangu hapo Wateso na Wasamia wamekuwa na ndugu pande zote mbili. Busia ni miji miwili yenye jina moja. Malaba vivyo hivyo, mmoja ukiwa katika Wilaya ya Tororo na mwingine katika Kaunti ya Busia. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Busia Februari 2018, na kwa muda mfupi mpaka ulionekana kuwa mwembamba kuliko ulivyowahi kuwa.

Machi 2020 Uganda iliufunga kwa wasafiri, malori ya mizigo yakibakizwa. Tarehe 25 usafiri wa umma ulisimamishwa, na tarehe 30 magari binafsi yakafuata pamoja na marufuku ya kutoka usiku. Kenya nayo ilianza marufuku ya usiku tarehe 27. Kwa mgonjwa wa Tororo, njia ya kwenda hospitali kwa gari ilipitia kwa Kamishna Mkazi wa Wilaya, aliyepaswa kutoa kibali. Baadaye wajawazito waliondolewa sharti hilo. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini tazama ulivyowezekana: mimba huonekana kwa macho, na askari wa kizuizini hahitaji kuelezwa.

3.0 Maumivu yanayozungumziwa

Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu hukubali kuyaita maumivu kuwa sugu yakidumu au yakijirudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa wanawake wa eneo hili sababu ni nyingi: mgongo na magoti yaliyochoshwa na maji, kuni na mizigo ya biashara ya mpakani, endometriosi, ambayo Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na selimundu.

Selimundu inastahili kutajwa zaidi, kwa kuwa eneo hili ni la malaria, na palipo na malaria ya siku nyingi chembe ya urithi ya selimundu huwa nyingi. Utafiti wa kitaifa wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa walibeba chembe hiyo, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Mwenye selimundu huishi na maumivu ya mifupa ambayo mara kwa mara hulipuka. Mlipuko huo unaweza kuja na homa, maumivu ya kifua na pumzi fupi, yaani karibu orodha ileile iliyobandikwa ukutani kama dalili za UVIKO-19. Mgonjwa alilazimika kupima mambo mawili: akinyamaza, ataumia nyumbani, akizitaja dalili, huenda akatengwa.

Si kwamba Uganda haikuwa na dawa za maumivu. Tangu mwaka 2004 sheria yake imewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini ya kunywa, hatua ambayo nchi nyingi zilikuwa hazijathubutu kuichukua. Dawa yaweza kuwapo kituoni, na anayeihitaji akakwama njiani kwa sababu ya jinsi alivyolitamka tatizo lake.

4.0 Umbo la kusema

Tuchukue mfano. Mwanamke amefika kizuizini, na afisa anamuuliza:

"Mama, una shida gani?"
"Nyonga huniuma, mkubwa."
"Tangu lini?"
"Ni miaka sasa."
"Basi si ya leo. Rudi nyumbani."

Hakuna aliyesema uongo, wala afisa si lazima awe mkatili. Kiambishi hu- hakichukui nafsi ya mtenda wala hakionyeshi wakati. Hueleza jambo la kawaida, linalojirudia. Ndicho kiambishi sahihi kwa maumivu ya miaka mitano. Wengine wangesema "inaniumaga" au "inaniumanga", kiambishi tamati kikifanya kazi ileile. Lakini kanuni ya dharura husikiliza -na- na -me-: inaniuma, imezidi, amezimia. Mgonjwa aliyesema kweli kisarufi alijikuta ameondoa haraka katika ombi lake. Angesema "nyonga imenishika tangu usiku, siwezi kukanyaga", angekuwa ameeleza mwili uleule, na pengine angepita.

Istilahi yenyewe haisaidii. Sugu, kwa asili, ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa. Ndiyo maana tunasema mhalifu sugu, na usugu wa vimelea kwa dawa. "Maumivu sugu" hubeba wazo la ukaidi wa ugonjwa, lakini pia humdokezea msikilizaji kwamba mwenye maumivu amekwisha kuota sugu na hasikii tena. Sipendekezi istilahi hiyo ifutwe, maana imekwisha kukubalika. Napendekeza tuitumie tukijua inachokificha.

Kuna pia suala la jinsia. Maumivu ya mwanamke ambayo Kiswahili kimeyapa heshima kubwa ni uchungu wa uzazi, nao una mwisho: mtoto huzaliwa, watu hupiga vigelegele. (Upande wa Kenya uchungu hutumika kwa maumivu yoyote, hata hivyo, "ameshikwa na uchungu" hueleweka bila maelezo.) Maumivu ya hedhi, kwa upande mwingine, huwekwa chini ya chango au "tumbo la mwezi", majina yanayoyafanya kuwa sehemu ya kuwa mwanamke. Msichana aliyeambiwa hivyo tangu kuvunja ungo atasema hu-, na atasema kwa sauti ya chini.

5.0 Mapendekezo

Fomu na mafunzo ya wahudumu wa afya wa kijiji, maafisa wa vizuizi na wafasiri wa mpakani yaache kutegemea swali "Una shida gani?" peke yake. Mwenye kujibu kwa hu- aulizwe maswali matatu zaidi: Leo ni tofauti vipi na siku nyingine? Unashindwa kufanya nini ambacho wiki iliyopita ulikifanya? Dawa yako imebaki ya siku ngapi? Swali la tatu ni muhimu zaidi wakati mipaka imefungwa, kwa kuwa mwenye kumaliza dawa kesho ana dharura hata kama leo anatembea.

Maswali hayo yasitafsiriwe neno kwa neno katika Kiteso, Kisamia na Kidhopadhola. Kila lugha ina njia yake ya kutenganisha maumivu ya kila siku na maumivu ya saa hii, na anayepaswa kuulizwa kwanza njia hiyo ni mwanamke anayeishi nayo.