Kununua Televisheni Kubwa kwa Bei Nafuu
Ukubwa wa televisheni, ambao hupimwa kwa inchi kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala, hauelezi ubora wa picha, kwani picha hujengwa na nukta ndogo za mwanga ziitwazo pikseli. Kioo cha HD kamili kina pikseli 1920 kwa 1080, na cha 4K kina 3840 kwa 2160. Lakini kwa inchi 43, mtazamaji aliyeketi umbali wa mita tatu ni vigumu aione tofauti hiyo, na fedha ya ziada ni afadhali ibaki mfukoni. Nchini Kenya, ambako matangazo ya analojia yalizimwa mwaka 2015, lisilopaswa kupuuzwa kamwe ni alama ya DVB-T2 kwenye boksi, inayoonyesha kwamba televisheni ina king'amuzi ndani yake na hunasa chaneli za bure kwa antena pekee.