Kuchutama si adhabu, ni somo la miguu

Mwaka jana nilijikwaa ngazini nikitoka darasani, kifundo cha mguu kikateguka. Uvimbe ulipokwisha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniagiza nichutame na kuinuka mara kumi. Nilicheka. Kwangu mimi, kuchutama kulikuwa adhabu ya mwanafunzi mchelewaji, si dawa.

Kicheko kiliniishia nilipotakiwa kuusimamia mguu ule peke yake. Nilisimama dede kama mtoto wa mwaka mmoja! Mwili hujisawazisha kwa macho, kwa sikio la ndani, na kwa mishipa ya fahamu iliyomo misulini na viungoni, iuarifuyo ubongo mguu umekaaje. Kifundo kikiteguka, taarifa hizo huvurugika. Daktari Mwingereza M.A.R. Freeman na wenzake waliliandikia jambo hilo mwaka wa 1965, wakapendekeza mazoezi juu ya ubao unaoyumba.

Je, sote tukachutame juu ya vitu viyumbavyo? La hasha. Palipo imara, kama vile sakafu ya saruji, misuli ya mapaja husukuma kwa nguvu zote, na hata kuinua uzani. Hapo ndipo nguvu hujengwa. Panapoyumba, kama vile juu ya godoro au mchanga tifutifu, sehemu ya nguvu hizo hutumika kumzuia mtu asianguke. Uzani hauna budi kupunguzwa, ila kifundo hujizoeza kujirekebisha upesi. Kila mahali pana somo lake. Anayeanza na aanze palipo imara.

Kama mwanaisimu, hayo hayanishangazi. Mwanafunzi wa lugha huanza na sentensi zilizotulia, kisha huenda sokoni kupambana na maneno ya watu wenye haraka. Akikosa kimojawapo, lugha yake huchechemea.

Walimu wenzangu, viboko vilipigwa marufuku shuleni nchini mwetu mwaka wa 2001. Tusigeuze kuchutama kuwa kiboko kipya. Mtoto aliyechutamishwa kwa hasira hulichukia zoezi hilo, kama nilivyolichukia mimi hadi mguu uliponifunza adabu. Nanyi wanafunzi, kipindi cha mazoezi ya viungo kikiingiliwa na marudio ya mtihani, kidaini kwa heshima. Uwanja mnao, mchanga mnao, wala hakuna karo ya ziada.