Udongo Hauongezi Damu

Siku za kliniki ya wajawazito swali hili halikosi: "Daktari, nile udongo upi, mweupe au mwekundu? Nasikia mwekundu ndio wenye chuma." Anayeuliza, ukimfunua kope, ndani pamepauka. Pembeni yake mama mkwe anatikisa kichwa kuafiki, kwamba mwili hauwezi kutamani kitu usichokihitaji. Nimelijibu mara nyingi mno, na bado vipande vya pemba, udongo wa kuliwa, vinauzwa hatua chache kutoka geti la zahanati.

Chuma kimo kweli katika udongo mwekundu. Wekundu wenyewe ndio chuma hicho, ila ni kutu, ileile inayokula bati la nyumba yako. Kutu haiyeyuki tumboni kiasi cha utumbo kuifyonza. Kinachonikera zaidi ni kile ambacho udongo hukifanyia chakula ulichokula vizuri: chembe zake hunasa chuma na zinki za dagaa na maharage, kisha vyote huishia chooni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1968 kuhusu udongo unaoliwa Uturuki ulionyesha wazi kwamba unapunguza ufyonzwaji wa chuma. Kisiwani Pemba, mtafiti Sera Young na wenzake waliona kwamba wajawazito wenye mazoea ya kula udongo, mchele mbichi na vitu vya aina hiyo walikuwa na upungufu wa damu zaidi ya wenzao.

Anayetaka kujua mazoea haya yanaweza kumfikisha mtu wapi, asikie habari za Shiraz, Iran. Mwaka 1958 daktari mzaliwa wa India, Ananda Prasad, alioneshwa kijana wa miaka 21 mwenye umbo la mtoto wa miaka 10. Hakuwa amebalehe, damu yake ilikuwa pungufu sana, wala hakuwa akivuja damu popote. Chakula chake kilikuwa mkate usiotiwa hamira, nyama kwa nadra, na udongo wa karibu nusu kilo kila siku. Chuma kilirekebisha damu, lakini ukosefu wa chuma peke yake hauelezi kudumaa kiasi kile. Prasad akashuku zinki. Alipohamia Cairo akakuta vijana waliodumaa vivyo hivyo, akapima zinki yao, ikawa chini; walipopewa zinki wakarefuka na kubalehe. Vijana wa Misri hawakuwa wakila udongo. Kwao ilitosha kuishi kwa mkate na maharage, vyakula vyenye fiteti, ambayo nayo hushika zinki isifyonzwe, na juu yake minyoo. Sasa wewe unayekula ugali na maharage kila siku, unaongeza udongo juu yake kwa sababu gani?

"Lakini mbona nautamani?" Kwa sababu ukosefu wa chuma wenyewe huweza kuleta hamu hiyo; wengi wakitibiwa, hamu huisha. Hamu ni dalili, na dalili hupimwa. Na msiniambie udongo wenu umeokwa, kwa hiyo ni salama. Moto huua mayai ya minyoo ukiwa mkali vya kutosha, lakini hausafishi madini yenye sumu, na udongo wanaokula wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita ulipopimwa ulikutwa na aseniki.

La kufanya ni hili. Pima wingi wa damu. Meza vidonge vya chuma na foliki vya kliniki kila siku, kwa maji au juisi ya chungwa, kamwe si kwa chai. Chai isubiri angalau saa moja. Vikikuchafua tumbo, vimeze usiku baada ya kula, usiviache. Dawa ya minyoo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kula dagaa, na nyama ikipatikana. Maharage yaloweke usiku kucha, maji yake uyamwage. Unga wa uji uchachushe, fiteti ipungue. Zinki tuikumbuke kwa watoto pia: mwenye miezi sita au zaidi akiharisha, apewe maji ya chumvichumvi na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi sita, miligramu 10. Na kama huwezi kuuacha udongo leo, usiule karibu na muda wa vidonge, na umwambie mkunga bila kuficha, maana asipojua atashangaa kwa nini damu haipandi.