Zanzibar: mlango ambao watalii wa meli huupita haraka

Meli za utalii zinapofika Zanzibar, abiria hupata saa chache tu mjini. Kiongozi huwatembeza kwa miguu Mji Mkongwe: Forodhani, Ngome Kongwe, halafu kanisa la Mkunazini, lililojengwa pahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873.

Shangani kuna nyumba ya Tippu Tip. Mwenye haraka hupiga picha ya mlango wa nakshi na kupita. Lakini utajiri ule ulitoka kwetu: pembe za ndovu za Maniema, zilizobebwa mabegani kutoka Kasongo hadi pwani, na watu waliokamatwa vijijini. Mwaka 1887 Leopold II alimfanya gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo.

Mkongomani atakayefika pale amwombe kiongozi asimame. Dakika kumi zatosha.